Umetoka Wonder World, watoto wana njaa: ule wapi barabara ya Ggaba?

Haya jamani, habari zenu, mambo vipi, karibuni tena. Leo wimbo wetu wa mwanzo siuweki, tunaingia moja kwa moja kwa sababu nina jambo limenikaa kooni.

Mmeniandikia sana, wa Mwanza, wa Goma, wa kwetu Mombasa ndiyo usiseme, swali ni lile lile: dada tunakuja Kampala na watoto, tunawapeleka Wonder World, ile bustani ya michezo pale Kansanga, sasa tukitoka tule wapi? Michezo yenyewe siirudii, video yake ipo, nenda katazame. Na nyie wa zamani mnaopaita Didi's World, ndiyo hapo hapo. Leo ni tumbo tu.

Kuna mkahawa mmoja haupo mbali na pale, jina silitaji. Menyu yake nene kama msahafu, picha za chakula zinang'aa, viti vya mito. Tumekaa, watoto wametoka kuogelea, na mtoto aliyetoka majini mnamjua njaa yake ilivyo, tukaagiza samaki. Tukangoja. Tukaagiza soda, tukangoja tena, mdogo akaanza kula tishu. Karibu saa nzima imepita ndipo yule binti mhudumu akaja, akapiga magoti kwa adabu yote ya Kiganda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nnyabo, samaki imeisha." Nnyabo ndiyo mama. Sasa wewe niambie, mtu amekupigia magoti, unamgombeza vipi? Nikajikuta mimi ndiye nasema kale, yaani sawa, hakuna shida, bambi, maskini wewe. Shida ipo! Ungeniambia tulipokaa tu!

Kwa hiyo mimi siku hizi menyu siifungui. Nikifika namuuliza mhudumu mambo mawili nikiwa bado nimesimama: leo kuna nini jikoni, siyo kwenye karatasi, jikoni, na kitu cha kwanza kitafika mezani baada ya dakika ngapi. Akianza kutazama dari, natoka. Ladha baadaye, mwenye miaka minne hana habari na ladha, ana habari na sasa hivi.

Na nawapa siri. Watoto wangu hawafiki mkahawani na njaa. Tukitoka tu, barabarani wapo vijana wa chapati, kibanda cha mbao, jiko la makaa, kikaango cheusi, naagiza rolex, siyo saa, chapati ya kukunja na mayai, moja ya mayai mawili kwa watoto wawili. Mpwa wangu, weka ile klipu ya juzi. Mnaona, mayai anayapasua kwenye kikombe cha plastiki, anatia kitunguu, nyanya, kabichi kidogo, anapiga na uma, anamwaga kwenye mafuta, chapati inakuja juu yake, anageuza, anakunja, kwisha. Hata wimbo mmoja wa redio haujaisha. Mwambieni tu asiweke pilipili, na asiwafungie kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ikiwa moto hivyo, karatasi inatosha. Nusu rolex kwa kila mtoto, basi umenunua utulivu wa kutosha kwenda kutafuta chakula cha maana. Kuna atakayesema utawaharibia hamu ya kula. Sawa, njoo unishikie wewe huyu mdogo akiwa na njaa halafu tuongee.

Sasa chakula cha maana ni wapi. Mpangilio wa barabara hii kwa asiyejua: ukitoka mjini unakutana na Kabalagala kwanza, halafu Kansanga palipo na Wonder World na chuo cha KIU, Kampala International University, unakuja Bunga, mwisho kabisa Ggaba kwenye ziwa. Kwa hiyo ukitoka getini ni uamuzi, unarudi juu Kabalagala au unashuka ziwani.

Kabalagala kwa vyakula vya Kihabeshi hapana mpinzani, nasema wazi. Mnaletewa sinia moja kubwa, injera, ule mkate wao laini kama chapati, imetandikwa chini, juu yake shiro ya unga wa dengu, mboga, nyama ya kukaanga ya tibs, kila mtu anamega kwa mkono. Watoto wanafurahi kwa sababu hakuna anayewaambia shika kijiko vizuri. Pilipili yao ile nyekundu, berbere, ni kali, kwa hiyo waagizieni watoto mchuzi wa alicha, ule wa manjano, hauna ukali. Na kama kwenu kuna asiyekula nyama, nendeni Jumatano au Ijumaa, Wahabeshi wa Orthodox wanafunga hizo siku, kwa hiyo sinia la dengu na mboga tupu halikosekani. Hapo ningewapa nyota zote.

Lakini mimi siwezi kwenda na familia yangu yote, na sababu inachekesha. Mume wangu ni Muganda. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Na kwa Waganda, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawagusani na hawali pamoja, ni mwiko wa ukwe, wanauita obuko, siyo mchezo. Vijana wa siku hizi wengi wamelegeza, mume wangu wapi, huyo alilelewa na nyanya yake kijijini. Sasa sinia moja, mikono yote mle ndani, mama upande huu, mkwe upande ule? Aliposikia tu Kabalagala akasema yeye hana njaa, atangojea kwenye gari! Mama naye, "Mwanangu, mumeo ana nini na mimi?" Hana kitu mama, ni heshima hiyo, amekuheshimu mpaka amekimbilia kwenye gari.

Msicheke. Waganda mnaonitazama mnajua nasema kweli, na nyie mliooa au kuolewa huku mtanishukuru. Sehemu ya kula na familia kubwa Kampala lazima iwe na nafasi ya meza mbili, zikaribiane ili maongezi yaende, lakini ziwe mbili. Vile vimkahawa vya meza sita ndani ya chumba kimoja, sahau.

Halafu mama anataka halali. Choma za barabarani huku nyingi nguruwe yumo, na jiko ni lile lile. Tukipita Kibuli karibu na msikiti mambo ni rahisi, lakini huko unarudi mjini na foleni. Kwa hiyo unaona mambo yanavyotusukuma yenyewe ziwani. Samaki hachinjwi. Ila ulizeni mafuta, hili watu wanalisahau, mwulize mkaangaji hayo mafuta yanakaangia nini kingine, akisema samaki tu, tuko pamoja.

Haya, hapa ndipo Ggaba, mpwa wangu geuza kamera waone. Maboti yale pale, kina mama wa samaki hawa hapa, meza za plastiki uwanjani, mume wangu ameshachagua meza yake na mdogo amemkalia, mama yuko kule kivulini na mkubwa. Dunia imetulia. Sasa tazameni, hii ndiyo sehemu niliyowaitia.

Nimekuja na rula. Ndiyo, rula ya shule ya sentimita thelathini, ya mwanangu. Kwa sababu nimechoka kulipia ngege mkubwa nikaletewa kasamaki kama kiganja. Huyu hapa, ngege, nyie wa Mwanza ni sato wenu. Namlaza, namweka pua kwenye sifuri, namnyoosha mkia, na... sogea, sogea kamera... ishirini na tisa na ushee. Safi. Kwa nini napima? Sheria ya Uganda inasema ngege wa chini ya inchi 11 havuliwi, inchi 11 ni kama sentimita 28, na mputa, yaani sangara, ni inchi 20. Mwaka 2017 mpaka wanajeshi waliingizwa ziwani kwa ajili ya mambo hayo hayo. Kwa hiyo ngege halali anakaribia kuimaliza rula ya mtoto wa shule, hesabu imekwisha. Ukiletewa wa sentimita 20 umepunjwa wewe na ziwa limepunjwa pia. Mama huyu muuzaji ananicheka, ananiambia tangu azaliwe hajaona mteja na rula. Kale nnyabo, zoea.

Macho haya mnaona, yametuna, yanang'aa. Nafungua shavu, ndani nyekundu, siyo kahawia. Nabonyeza hapa ubavuni, nyama inarudi. Kidole kikiacha shimo mwache alale. Na bei tunakubaliana hapa, samaki akiwa mbichi mkononi, siyo akishakaangwa na watoto wameshamwona, maana hapo huna la kujadili. Bei inakwenda na ukubwa, na Jumapili inapanda, kwa familia ya watu sita ile noti ya elfu hamsini ya Uganda peke yake haikufikishi mbali, jiandaeni. Mobile money wanachukua lakini gharama ya kutolea wanaweka juu yako, bebeni keshi kidogo.

Ameshatoka kwenye mafuta, tazama ngozi hiyo. Hizi chale ubavuni ndizo zinafanya aive mpaka kwenye mfupa. Sasa miiba, kwa sababu kina mama wengi mnaniambia ngege kwa mtoto mnaogopa. Tazameni mkono wangu. Uma, naanzia nyuma ya kichwa, nachora mstari katikati ya ubavu mpaka mkiani, taratibu, sikati, nachora. Nyama ya juu naisukuma juu, inatoka pande zima. Ya chini naisukuma chini, ila hapa tumboni simama, kuna hivi vijiti vimepinda, hivi ndivyo vinavyokwama kooni, navitenga vyote pembeni, hata kimoja sikiachi kwa sahani ya mtoto. Sasa nashika mkia, nanyanyua... polepole... mgongo wote unatoka mzima na kichwa chake. Umeona! Upande wa chini umebaki mtupu. Halafu bado unapapasa kwa vidole, macho hayatoshi, vidole vinaona zaidi. Limau, kachumbari, chipsi kama mnataka, mimi napenda na gonja, ile ndizi tamu, ya kuchoma, tamu na chumvi mdomo mmoja.

Ingawa nikisema ukweli, nikimtazama huyu mdogo... kwa wa chini ya miaka mitano mimi siku hizi naagiza kipande cha mputa. Mifupa yake mikubwa, michache, unaiona kwa mbali. Wengi hawampendi kwa sababu aliletwa tu miaka ya hamsini akawameza samaki wa kienyeji ziwa zima, na minofu mizuri mizuri inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabakiziwa mgongo wazi, mifupa iliyokwanguliwa minofu. Lakini kipande cha mputa kwa mtoto ni amani. Kwa hiyo ngege kwa wakubwa, mputa kwa wadogo, nimebadilisha na nimebadilisha hivyo.

Ubaya wa hapa? Upo. Maji yako karibu na hakuna uzio wa maana, mwenye mtoto anayekimbia asikae meza za mbele. Vyoo, bebeni tishu na sabuni yenu. Na Jumapili jioni kila mtu anarudi na barabara hii inajaa, mkipita saa kumi na moja hapo Bunga mtalala. Mkitaka usafi, viti virefu vya watoto na sahani kubwa, mikahawa ya Cafe Javas ipo mjini, hamtajuta, ila mfuko nao uwe mkubwa. Na anayetaka luwombo, kuku aliyepikwa kwenye jani la ndizi, hicho ni chakula cha mchana, kinapikwa kutoka asubuhi, ukienda saa kumi mtapigiwa magoti kama mimi. Kileni kabla ya michezo, siyo baada.

Matangazo mawili. Maikrofoni hii ni mpya, upepo wa ziwa nadhani hamuusikii, waliochangia asanteni sana. Lile shindano la fulana nimelisogeza, msinitukane. Video ijayo tunahamia barabara ya Entebbe, tunaanza na Freedom City, lile jengo la maduka pale Namasuba, tutazame chakula chake na huko kuna nini cha kuzidi hapa. AFCON ya 2027 ni ya Kenya, Tanzania na Uganda, wageni watakuja na watoto wao, kwa hiyo nataka hizi barabara zote niwe nimezimaliza. Anayejua sehemu ya Ggaba yenye uzio mzuri aandike hapo chini, na aseme kama meza zao zinasogezeka.

Mama ananiita, eti mkwe wake amempelekea samaki mzima kupitia mtoto. Kwaherini.