Uzoefu wangu: miaka mitano nikiuza patani zangu za kufuma kwa Ravelry

Wacha niandike hii mara moja, kwa sababu kila wiki kuna dada ananiuliza inbox patani nauza wapi na pesa inanifikia aje, na kila mara najibu nusunusu nikiwa na sufuria jikoni. Mimi nafuma kwa mkono, sindano mbili, sio krosheti na sio mashine. Naishi Nyahururu, na mwenye amekaa huku mwezi wa saba anajua sweta hapa si urembo. Shosho, yaani nyanya yangu, ndiye alinifundisha nikiwa darasa la nne, tukitumia nyuzi za sweta kuukuu tulizofumua na kuosha na kufungia mawe ili zinyooke.

Sweta nimeuza miaka mingi na sikuona faida. Moja la mtu mzima linachukua wiki tatu za jioni, ukitaja elfu tatu na nusu mtu anakuonyesha la mtumba la mia mbili, na hana makosa, ndiyo pesa ako nayo. Patani ni kitu kingine kabisa. Unauza maelezo tu, yaani stichi (vile vitanzi vya uzi kwenye sindano) ngapi unaanza nazo, wapi unaongeza, wapi unapunguza, pamoja na chati ya marembo, yote kwa PDF, na mtu anafuma mwenyewe kwa uzi wake. Ukiandika vizuri unaandika mara moja na inauzwa ukiwa umelala.

Kabla ya Ravelry, tovuti ya watu wa kufuma ambako nauza sasa, nilikuwa kwa tovuti nyingine ambayo sitaitaja. Huko pesa yako inakaa kwao mpaka ifike kiwango fulani, na nilipofika hicho kiwango nikangoja miezi minne nikiandika imeli zisizojibiwa. Ilikuwa dola 38, si nyingi, lakini ilikuwa karo ya tuition ya mtoto na nilikuwa nimeihesabu. Kwa hivyo nilivyosikia kuhusu Ravelry kitu ya kwanza niliuliza ni pesa inapita wapi.

Ravelry ni ya Wamarekani, ilianza mwaka 2007, na 2020 walikuwa wameshapita akaunti milioni 9, wote watu wa uzi: kufuma, krosheti, kusokota. Kufungua akaunti ni bure. Ukiuza patani, pesa ya mnunuzi inaingia PayPal yako palepale, halafu Ravelry wanakutumia bili ya ada yao mwisho wa mwezi kulingana na mauzo. PayPal nao wana makato yao kwa kila muamala, asilimia pamoja na senti kadhaa za kudumu, na hizo senti ndizo zinauma ukiuza vitu vya dola moja. Ndiyo maana mimi siuzi chini ya dola 5. Kutoka PayPal natoa kwa M-Pesa, huduma ambayo Kenya tumekuwa nayo tangu 2018. Ushauri wangu ni usitoe kidogokidogo, ngoja zikusanyike halafu angalia kiwango cha dola siku hiyo kabla hujabonyeza.

Hayo ni ya pesa, sasa niseme kitu ambacho kinanifanya nisihame.

Pale kila patani ina ukurasa wake unaoonyesha unene wa uzi, geji (yaani stichi ngapi zinaingia kwa sentimita 10), ukubwa wa sindano, urefu wa uzi unaohitajika na saizi zote. Mtu akifuma, anafungua ukurasa wa kazi yake na kuuunganisha na patani yako, anaweka picha, anaandika alitumia uzi gani, sindano gani, alibadilisha nini, wapi alikwama. Si lazima aandike lakini wengi wanaandika, maana wanajiwekea kumbukumbu wenyewe. Kwa mdizaini hiyo ni dhahabu. Mnunuzi wa kawaida anakupa nyota tano au nyota moja na hujui kwa nini, lakini huyu anakuachia hesabu.

Nitatoa mfano. Patani yangu ya pili ilikuwa sweta la raglani, lisilo na mshono wa bega, na langu linafumwa kutoka shingoni kushuka. Geji yangu ni stichi 22 kwa sentimita 10, na saizi ya kati ina stichi 220 kifuani, yaani sentimita 100 ikiisha. Nikaandika vile sisi tunaongea hapa, "sindano namba 8". Nilinunua sindano zangu Nakuru, zina hizo namba za zamani za Kiingereza, namba 8 ni milimita 4 na kila mtu niliyekua naye anajua hivyo. Miezi miwili baadaye mama mmoja wa Marekani akaweka picha ya sweta langu na lilikuwa gunia. Mabega yameshuka mpaka karibu na kiwiko! Hakunitukana, aliandika tu kwamba amefuata kila kitu na hajui amekosea wapi. Nikaangalia ukurasa wake: sindano US 8, milimita 5, geji 18. Nikachukua kalamu usiku huo. Stichi 220 kwa geji ya 18 ni sentimita 122. Sentimita 22 zaidi, zote kwa sababu ya namba moja niliyoandika bila kufikiria. Kwa Wamarekani milimita 4 ni namba 6, na namba zao zinapanda sindano ikinenepa, wakati zile za zamani za Kiingereza zinapanda sindano ikiwa nyembamba. Namba 10 yetu ni 3.25, yao ni 6.

Nilimrudishia pesa na nikamwandikia ukweli, kwamba kosa ni langu si lake. Halafu nikarekebisha PDF, nikapandisha faili mpya na nikatumia walionunua wote ujumbe kwamba kuna toleo lililosahihishwa, wadaunlodi tena bila kulipa. Hiyo huduma ya kuwafikia wanunuzi wa zamani ndiyo iliniokoa, kwa sababu kule nilikotoka mtu akishanunua humjui tena, anabaki na makosa yako milele. Yule mama alifumua na kurudia. Toleo la pili alilipost mwezi wa nne, rangi ya majani ya chai, na lilimkaa.

Tangu siku hiyo nusu ya kazi yangu imekuwa hesabu. Wengi wanaoniandikia wanafikiri kudizaini ni kuwaza marembo mazuri, lakini marembo ni sehemu ndogo. Kofia yangu inayouzwa zaidi ina zigizaga ya kiondo, niliichora kwa kuangalia kiondo cha shosho, na marembo yake yanarudi kila stichi 14. Hapo mambo ni rahisi: mara 7 ni 98 ya mtoto, mara 8 ni 112 ya mtu mzima, mara 9 ni 126 ya kichwa kikubwa au nywele nyingi, na juu unapunguza kwa vipande vilevile kofia ifunge. Sweta halikubali hivyo. Nilianza na ule mpangilio wa asilimia wa Elizabeth Zimmermann, mdizaini maarufu wa kufuma, kifua ni mia kwa mia, shingo 40, mwisho wa mkono 20, mkono juu kama thuluthi, na kwa saizi ndogo na za kati unafanya kazi vizuri sana. Kwa kifua cha stichi 220 shingo ni 88, sentimita 40, sawa kabisa. Lakini panda mpaka kifua cha sentimita 140, hizo ni stichi 308, na asilimia 40 yake ni 123, shingo ya sentimita 56. Nani ana shingo hiyo? Mtu akinenepa kifua shingo haikimbii naye, na mabega yanaongezeka kidogo tu. Kwa hivyo saizi kubwa nazihesabu upya moja moja kwa vipimo vya mwili, natumia jedwali za vipimo za Craft Yarn Council, chama cha kampuni za nyuzi cha Marekani, ambazo ni bure, na pia nimewapima mashangazi na majirani kwa tepu, wamenizoea.

Nasisitiza hii kwa sababu wanawake wenye miili mikubwa wanalipa pesa ileile na kwa miaka wamepewa saizi zilizotanuliwa tu bila mtu kufikiri. Ukiandika kwamba patani yako inafika kifua cha sentimita 150, hakikisha mtu wa kifua hicho ameivaa kabla hujaiuza.

Hapo wanaingia wajaribu. Kabla patani haijatoka, watu wanaifuma bure ili wapate nakala, wewe unapata maoni na picha. Nawapata hukohuko Ravelry, natafuta angalau mmoja kwa kila saizi na nawapa wiki nane. Wengine wanapotea katikati, zoea. Na kabla ya wajaribu namlipa mhariri wa patani, mtu ambaye kazi yake ni kukagua hesabu tu, analipwa kwa saa. Wangu yuko Uingereza, anachukua kama mapato ya nakala kumi za kwanza za patani, na siku ya kwanza niliona ni ghali mpaka aliponionyesha kwamba saizi ya tatu ina stichi 64 za mkono kwenye jedwali lakini ukifuata maelezo unafika na 66. Stichi mbili tu, lakini mtu wa kujifunza akifika hapo anadhani yeye ndiye hajui kufuma na anaweka kazi kabatini.

Mambo ambayo ujue kabla: tovuti yote ni Kiingereza na wanunuzi wengi wanataka patani ya Kiingereza, kwa hivyo jifunze vifupisho vyao vizuri. Weka maneno ya Marekani na milimita pamoja, hata kwa unene wa uzi, maana uzi wa unene unaoitwa DK, Waaustralia wanauita 8-ply. Wanunuzi wangu wa Kenya ni wachache, naweza kuwahesabu kwa vidole, na nimewatengenezea toleo la Kiswahili la kofia ambalo nawatumia mwenyewe. Kuandika hilo toleo kulinichukua muda kuliko kofia yenyewe, nikitafuta vile shosho angesema kila kitu, na mwishowe nikabaki na stichi, raundi, kuongeza, kupunguza, na "pitisha bila kufuma".

Picha pia. Mwaka wa kwanza nilipiga ndani kwa taa ya manjano na sikuuza hata tano. Nikatoa kofia nje saa kumi na moja jioni, nikamvalisha binti ya dada yangu, uso wazi na zigizaga inaonekana, na patani hiyohiyo ikaanza kutembea.

Kitu kingine kilichonikata maini ni kukuta PDF yangu kwa kikundi kimoja cha WhatsApp, imetumwa na mtu aliyenunua, na watu wanashukuru. Patani ni maandishi yako na chati yako, sheria ya hakimiliki inavilinda, Kenya hata nje. Niliingia nikaandika kwa upole kwamba mimi ndiye mwenyewe na nikawapa kuponi ya nusu bei. Wawili wakanunua, mmoja akaniomba msamaha, wengine kimya. Sweta ulilofuma kwa patani yangu uza ukitaka, mimi sina shida na hilo, lakini faili usigawe tafadhali.

Mapato? Sitadanganya mtu, sijaacha shamba. Mwezi mzuri, Septemba mpaka Novemba wakati kwao baridi inaanza, nalipa karo bila kukopa. Mwezi wa sita naweza kuuza tatu. Ukihesabu saa nilizoketi na kalkuleta utaona ni kidogo, lakini ile kofia niliimaliza 2019 na asubuhi ya leo imeuzwa mbili.

Ukitaka kuanza, anza na kofia au skafu, saizi chache, na umpe mtu ambaye hajawahi kukuona ukifuma. Keti karibu naye na usiongee. Popote atakapokuuliza kitu, hapo maandishi yako hayatoshi. Mimi shali yangu mpya iko kwa wajaribu sasa, watu sita, imebaki wiki tatu, na sindano nimeandika milimita 3.75 kwa ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, namba za Kiingereza na za Marekani ziko chini yake.