Mbuzi Ipi Ununue: ya Kutazamwa au ya Kukunia?

Ramadhani ikikaribia, wanaohamia nyumba mpya na wanaooza binti huniuliza swali lile lile: mbuzi ya nazi ninunue ipi? Nimekuna nazi tangu usichana wangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, na jibu langu ni moja. Tazama pambo limekaa wapi. Likiwa mahali mwili haugusi, nunua. Likiwa kwenye kikalio, kwenye kiungo au karibu na meno, iache hapo hapo dukani.

Macho yana haraka ya kuhukumu. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Hitachi kule Japani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, waliwaonyesha watu 252 mipangilio 26 ya vitufe vya mashine ya kutolea pesa. Mipangilio iliyopendeza ndiyo watu walioidhania kuwa rahisi kutumia, kuliko hata ile iliyokuwa rahisi kweli. Sisi tunao usemi wetu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata hivyo uzuri siudharau. Mbuzi ya kupendeza haisukumwi uvunguni; hukaa karibu na jiko, na kilicho karibu ndicho kitumikacho.

Ya kwanza kwangu ni mbuzi ya mbao ya kukunja, isiyo na makuu. Ukiifunga waiegemeza ukutani kama ubao. Ukiifungua mbao zake hupishana kama mkasi, na kile chuma chenye meno kinatokeza mbele. Ikalie pale pale dukani kwa uzito wako wote, usione haya. Ikiyumba, kiungo kimelegea tangu mwanzo na hakitakaza kamwe. Pitisha kiganja ukingoni mwa kikalio: fundi mzuri huuviringisha, kwa kuwa ndipo paja linapokaa ukikuna nazi tatu nzima. Kisha tazama meno. Yawe mafupi, yamekaribiana. Meno marefu huchimba mpaka kwenye ile ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu, na tui lako la kwanza, ulilotaka liwe jeupe pe, linatoka na weusi. Mafupi hutoa nazi laini inayokamuka vizuri kwenye kifumbu. Chuma chenyewe kiwe kimeshikwa mahali pawili, si kwa msumari mmoja, la sivyo kitageuka huku na huku ukikuna. Ukinunua karibu na soko la Marikiti, nunua nazi, uombe uvunjiwe, uijaribu mbuzi kabla ya kulipa. Mwuzaji mwenye kitu kizuri hatakasirika.

Ya pili ni ile ya chuma ya kufunga mezani, yenye mkono wa kuzungusha. Wenye magoti mabovu waanzie hapa, na hiyo mbao waisahau. Pima kwanza unene wa meza yako. Zile zenye mpira wa kunyonya hushika juu ya kigae au marumaru, juu ya mbao hazishiki. Na usivutwe na rangi inayong'aa: hewa yetu ya bahari ina chumvi, rangi ikibanduka tu kutu huingia. Uliza ya chuma kisichoshika kutu, ikaushe kila ukiosha.

Ya tatu, blenda. Kwa futari ya watu wengi yafaa, ila lazima uibandue nazi kifuuni kwa kisu, na umeme ukikatika maharagwe yanakungoja.

Ya mwisho ni ya nakshi, na hii ndiyo ghali kuliko zote za mbao. Nilimnunulia binti yangu moja alipoolewa, mbao nyeusi iliyotiwa njumu, vile vijisumari vya shaba vya pambo, kama sanduku la Lamu. Wageni wote waliisifu. Wiki ya pili alinipigia simu: njumu za kikalio zilimchoma, na leso mbili zilishachanika. Nazi iliyokunwa nayo ilijaza michoro ya karibu na meno, ikachacha, jiko likanuka. Sikumlaumu fundi peke yake. Mimi niliinunua nimesimama. Tulikaa ukumbini na koleo, tukang'oa njumu za juu zote, tukaacha za ubavuni. Kikalio akakipiga msasa mpaka kikawa laini. Sasa anaikunia kila Ijumaa.