Huduma ya mazishi: vijana wako poa, kwoteshen ndo imetuumiza

Siwataji jina maana ishu yangu nao haijaisha, ila ukipata msiba hapa Dar lazima utakutana na watu wa aina hii kwa hiyo soma tu. Nawapa nyota 3 kati ya 5.

Ba'mdogo katutoka Jumanne, kamati ikanitupia mimi mambo ya jeneza na gari, eti "wewe si Kiingereza kinapanda". Kumbe walishaiona kwoteshen. Kiingereza mwanzo mwisho: casket milioni 1 na laki 2, hearse laki 3, mortuary laki na kitu, undertaker's fee laki na nusu, halafu huko chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi, waiting charges. Nikamuuliza dada wa mapokezi, samahani dada, hii casket na jeneza tofauti yake nini? "Casket ni casket kaka." Haya.

Siku ya kuzika gari tuliahidiwa saa 4, limefika Buguruni saa 5 na nusu, eti foleni Mandela. Saa nzima na nusu nipo chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki, nikaanza kugugo yale maneno moja moja.

Casket bwana ni kijaluba, kisanduku cha kuwekea vito, Wamarekani ndo karne ya 19 wakaanza kuliita jeneza hivyo maana coffin lilikuwa linatisha wateja. Na coffin lenyewe ukilifuata mpaka kwa Wagiriki ni kapu. Kapu! Sasa fundi wa pale njiani jeneza la mninga anakufanyia laki 6, sisi tumeongeza laki 6 nyingine kwa ajili ya kijaluba, na vile vishikio vya dhahabu ni plastiki imepigwa rangi, kimoja kilibaki mkononi kwa shemeji tunashusha Kinondoni, kina viskrubu viwili vifupi kama vya soketi ya ukutani, ikabidi apitishe mkono chini abebe hivyohivyo.

Hearse, yaani hilo gari la maiti, ndo lilinichekesha mpaka shangazi akanikata jicho. Kwa Wafaransa wa zamani ni haro, hii haro yenye meno ya kuburuta shambani, na nyuma zaidi huko Italia ya kale linatokana na mbwa mwitu, kwa ajili ya meno. Ikawa fremu yenye miba ya kuchomekea mishumaa juu ya jeneza kanisani, baadae ndo likahamia kwenye gari. Lile letu meno lilikuwa nayo, nitawaambia.

Undertaker, yaani msimamizi wa mazishi, zamani alikuwa ni mtu yeyote tu aliyechukua tenda. Wenzao wa Marekani mwaka 1895 wakajitungia mortician ili wasikike kama madaktari.

Lakini iliyonimaliza ni mortuary, hii hii mochwari yetu. Zamani Uingereza wala haikuwa chumba, ilikuwa ni kile anachochukua paroko kwenye mali ya marehemu. Mtu akifa, mwenye ardhi anabeba mnyama bora kuliko wote zizini, paroko anabeba wa pili yake, ndo hiyo mortuary, familia inabaki na mbuzi. Watu walilalamika mpaka bunge la Henry VIII mwaka 1529 likaweka kiwango. Nikamsimulia mzee jirani yetu, ye Mwislamu, akatikisa kichwa, "Mwanangu, sisi jeneza la msikiti linakwenda na linarudi, marehemu anaenda na sanda yake."

Nyota 3 ni za wale vijana walioandaa mwili. Mmoja alimfunga ba'mdogo tai akaona imekaa upande, akaifungua, akaifunga upya taratibu huku anamwambia "samahani mzee" kama anaongea na mtu aliye macho. Hela ya soda nilimpa mwenyewe akagoma kuchukua. Huyo kama naruhusiwa nampa nyota 5 peke yake.

Ushauri, kama unaenda kwao, sema unataka jeneza, likatae hilo neno lingine, bei inashuka hapohapo, nimeshuhudia kwa mteja aliyekuja nyuma yangu.

Sasa zile waiting charges. Wametupiga elfu 80, gari lao lilisubiri ibada iishe. Ibada yenyewe ilichelewa kwa sababu tulikuwa tunalisubiri gari lao. Sijalipa, na jana wamenitumia tena meseji ya kukumbusha, kwa Kiingereza.