Huduma ya kupima ubongo kwa ajili ya matangazo: nilivaa kofia mwenyewe kabla ya kutia saini

Mimi hushughulikia matangazo ya kampuni moja ya Nairobi inayouza maziwa, mala na yogati, na kila mwaka hutenga fedha za kupima tangazo kabla halijarushwa. Safari hii tuliletewa pendekezo ambalo hatukuwahi kulipokea: badala ya kuwauliza watu wanalionaje tangazo, kampuni ya utafiti ingepima umeme wa ubongo wao wakati wanalitazama. Nilikubali kuitathmini huduma hiyo kwa sharti kwamba niwe mshiriki wa kwanza, nipitie hatua zote kama mtu aliyealikwa kutoka mtaani. Kampuni yenyewe siitaji, kwa kuwa ninayoyaeleza hapa yanaihusu huduma ya aina hii popote inapouzwa.

Niliketi mbele ya skrini nikavalishwa kofia ya kitambaa yenye elektrodi, na chini ya kila elektrodi wakatia jeli. Kinachopimwa na kofia hiyo, yaani kipimo cha EEG, ni tofauti za umeme zilizo ndogo kiasi cha kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti, na kwa hiyo niliagizwa nisiume meno, nisikunje uso wala kupepesa macho ovyo, kwa sababu umeme wa misuli huufunika ule wa ubongo. Wahudumu walikuwa wapole na waliifahamu kazi yao. Hata hivyo, elektrodi haina budi kugusa ngozi ya kichwa, na wanawake wawili waliofika baada yangu, mmoja akiwa amesuka rasta na mwingine akiwa na nywele za kushonea, walishukuriwa kwa kuja, wakapewa nauli na kuruhusiwa kwenda. Jambo hili lilinisumbua kuliko lolote nililoliona siku ile. Wanunuzi wetu wakubwa ni akina mama na wasichana, na wengi wao huja mjini wakiwa wamesuka. Ripoti inayoahidi kutueleza kile ambacho ubongo wa mnunuzi unakitaka ingeandikwa bila wao, na hakuna ukurasa wa pendekezo uliokuwa umetaja jambo hilo.

Baada ya dakika 40 nilioneshwa matokeo yangu: mistari mitatu ya rangi ikipanda na kushuka chini ya picha za tangazo, mmoja ukiitwa umakini, mwingine hisia, wa tatu kumbukumbu. Nilipouliza ni kwa hesabu gani umeme uliosomwa kichwani mwangu umegeuka kuwa hisia, nilijibiwa kwamba kanuni hiyo ni siri ya biashara. Kwa mnunuzi, hilo ni tatizo kubwa. EEG huonesha vizuri sana ni lini jambo limetokea, hata kwa sehemu ya elfu ya sekunde, lakini ni dhaifu katika kuonesha limetokea wapi ndani ya ubongo. Mashine ya MRI inayofuatilia oksijeni katika damu ni kinyume chake, kwa kuwa huonesha mahali vizuri lakini huchelewa kwa sekunde kadhaa. Kwa vyovyote vile, sehemu moja ya ubongo hufanya kazi nyingi, na kuiona ikichangamka hakutoshi kumfanya mtu atangaze kwamba mteja ameipenda yogati. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine ya MRI wakamwonesha picha za watu, na hesabu zisizosahihishwa ipasavyo zikatoa alama za ubongo unaofanya kazi. Walitaka kuwaonya wenzao kuhusu hesabu za kizembe, na mnunuzi ambaye hajaruhusiwa kuiona kanuni hana njia ya kujua kama onyo hilo lilizingatiwa.

Sisemi kwamba hakuna kitu ndani yake. Wauzaji walitutajia utafiti uliofanyika Houston na kuchapishwa mwaka 2004, ambapo watu 67 walionjeshwa Pepsi na Coca-Cola, na pale walipojua kwamba wanachokunywa ni Coca-Cola, sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu zilichangamka kwa namna ambayo haikuonekana walipokunywa bila kujua jina. Ni kazi nzuri, ila inaeleza nguvu ya jina lililojengwa kwa miaka mingi na haitabiri mauzo ya tangazo jipya. Mfano wenye nguvu zaidi hawakuutaja: mwaka 2012 ilichapishwa kazi ya watafiti waliowapima wavutaji sigara 31 wakitazama matangazo ya kuacha kuvuta, na mwitikio wa sehemu ya mbele ya ubongo wao ulionesha vizuri zaidi, kuliko maoni yao wenyewe, ni kampeni ipi ingewafanya watu wengi wapige simu kuomba msaada. Ningependa sana Wizara ya Afya ipate kifaa cha namna hiyo.

Lakini nguvu hiyohiyo ndiyo inayoifanya fomu ya ridhaa iwe sehemu muhimu kuliko zote za huduma hii. Anayejibu dodoso huchagua la kusema na la kunyamazia. Huduma hii inajinadi kwa kusema kwamba itapata lile ambalo mtu hakulisema, na hivyo anayevaa kofia anatoa kitu ambacho hata yeye hajakiona. Fomu niliyopewa ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza pekee. Haikutaja bidhaa wala mteja anayelipia utafiti, na ilisema kwamba rekodi itahifadhiwa "kwa matumizi mengine ya baadaye". Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data ichukuliwe kwa lengo lililoelezwa wazi, na inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Maneno yale ya fomu hayaelezi lengo lolote.

Wengine wamekwisha kulifikiria suala hili. Ufaransa iliamua kwa sheria ya mwaka 2011 kwamba upigaji picha wa ubongo utumike kwa tiba, utafiti wa kisayansi na kesi za mahakamani tu, kwa ridhaa ya maandishi. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo katika katiba mwaka 2021, na Agosti 2023 Mahakama ya Juu ya huko iliiamuru kampuni ya Emotiv ifute data za ubongo za aliyekuwa seneta Guido Girardi, aliyekuwa amenunua kifaa chake cha kuvaa kichwani. Mwezi huohuo Kenya ilisimamisha shughuli za Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, baada ya watu kupanga foleni jijini Nairobi wapigwe picha ya mboni kwa malipo. Nilikuwa nimeiona foleni ile, na niliikumbuka nilipopewa bahasha ya shilingi 2,000 mara tu baada ya kutia saini fomu ambayo hakuna aliyenisomea.

Tuliwaandikia tukitaka mambo matatu: fomu ya Kiswahili inayotaja bidhaa na mteja, rekodi kufutwa ndani ya siku 90, na mtaalamu wa takwimu tunayemwamini aruhusiwe kuikagua kanuni kwa siri. Waliyakubali mawili ya kwanza bila ubishi, na kwa hilo nawapongeza, lakini la tatu walilikataa. Hatukununua. Tangazo letu tulilirusha redioni kwa matoleo mawili, moja Nakuru na jingine Machakos, tukalinganisha mauzo ya madukani kwa wiki sita.

Niliomba pia rekodi yangu ya dakika 40 ifutwe. Siku ya kumi na moja nilijibiwa kwamba imefutwa katika kompyuta za Nairobi, na kwamba ombi langu limepelekwa kwa wenye seva, ambao wako nje ya nchi.