Maabara ya Mwanga: mkono mwepesi, karatasi bubu

Mimi ni fundi cherehani, Ujiji. Mwezi wa nne, asubuhi natunga uzi, tundu la sindano silioni. Nikafumba jicho la kulia: la kushoto, nusu ya chini yote moshi. Haliumi hata kidogo, ndiyo maana nilizembea siku nne. Daktari wa macho akanitia dawa ya kutanua mboni, akachungulia, akasema vena moja ya juu, yaani mshipa unaotoa damu jichoni, imeziba. Mle ndani ateri, mishipa inayoleta damu, na vena zinapopishana zimebanana kwenye ala moja. Ateri ikikakamaa kwa presha, sukari au lehemu (kolesteroli), inaminya vena na damu inaganda. Akaniandikia vipimo, nikaenda maabara moja ya binafsi pale Mwanga, mjini Kigoma.

Kijana anayetoa damu nampa maksi zote. Mishipa yangu inakimbia, nimezoea kutobolewa mara tatu. Yeye alifunga mpira, akapapasa taratibu kwa kidole, "Mama, kunja ngumi," mara moja tu. Akajaza vichupa vitatu: kifuniko cha zambarau cha picha kamili ya damu, kijivu cha sukari, chekundu cha mafuta.

Lakini niliambiwa nifike saa moja, sijala tangu jana yake usiku. Mlango ulifunguliwa saa tatu kasoro.

Majibu ndiyo balaa. Karatasi imeandikwa: sukari 142, lehemu 247. Basi. Hakuna kizio, hakuna kiwango cha kawaida pembeni. Mashine ya sukari ya jirani yangu husoma 5 au 6, sasa 142 si nimeshakufa? Nikauliza dirishani, jibu: "Mpelekee daktari." Nililia kwenye bajaji mpaka dereva akapunguza muziki.

Daktari akachukua kalamu. 142 gawanya kwa 18, ikaja 7.9. 247 gawanya kwa 38.7, ikaja 6.4. Kumbe ni vizio tofauti tu: maabara miligramu kwa desilita, mashine ya jirani milimoli kwa lita! Si kwamba nimepona: kabla ya kula, sukari ikifika 7 ni kisukari, ila lazima ipimwe tena siku nyingine kuthibitisha, na lehemu wanataka isifike 5.2. Akagusia na mawese. Nikamuuliza, migebuka nikaange kwa maji? Akacheka, akasema nipunguze kijiko.

Kulikuwa na kipimo kingine, homosisteini, asidi amino ya kwenye damu ambayo ikizidi maikromoli 15 kwa lita nayo huhusishwa na damu kuganda. Hapo maabara hawakipimi, waliniambia wazi na hawakunitoza. Daktari akasema nisihangaike, hicho hutafutwa zaidi kwa kijana asiye na presha wala sukari. Mimi nikamalizane kwanza na hivi vinavyoonekana.

Nyota tatu kati ya tano. Jumatatu narudi kurudia sukari, kwa ajili ya mkono wa yule kijana. Nikishatolewa damu nitanywa chai saa tatu na nusu, na sitoki pale dirishani mpaka mtu aandike kizio kwa kalamu.