Kisasa au mamboleo: uandike lipi?

Anayetafsiri neno la Kiingereza modern hujikuta na maneno mawili mkononi. Kwa sarufi, mamboleo ni jepesi, halibadiliki: ukoloni mamboleo, utumwa mamboleo. Kisasa nalo halibadiliki, ila hutanguliwa na -a ya kuunganisha inayofuata ngeli: choo cha kisasa, nyumba ya kisasa.

Kwenye ladha ndipo penye kazi. Kisasa husifu, bwana shamba wa Mbozi akitaja kilimo cha kisasa, mkulima anawaza mbegu bora na mbolea. Mamboleo hubeza: uovu wa zamani uliovaa nguo mpya. Ajabu, jarida la serikali ya Tanganyika lililoanza 1923 liliitwa Mambo Leo bila kejeli yoyote.

Kibao cha saluni pale Mwanjelwa? Kisasa, ingawa rangi ikishachakaa neno lenyewe huchekesha. Makala ya kukosoa mikopo ya kausha damu, ile yenye riba ya kinyonyaji? Utumwa mamboleo, bila kusita. Insha ya fasihi? Kisasa, au “ya leo” tu.