Ländler au walsi?

Ni ngoma mbili za Ulaya, na zote huchezwa wawili wawili, kwa mapigo matatu. Ländler ni ngoma ya vijijini Austria na Bavaria, kusini mwa Ujerumani: mwendo wa taratibu, viatu vizito, vishindo vya miguu, pengine na makofi, mwanamke akizungushwa chini ya mkono wa mwenzake. Walsi ilichipuka kutokana na ngoma za namna hiyo mwishoni mwa karne ya 18. Kwenye sakafu laini za kumbi za Vienna miguu ikaacha kuruka, ikateleza, kasi ikapanda. Wachezaji walishikana kifua kwa kifua, jambo lililowaudhi wengi. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliishutumu walsi vikali. Watunzi wa muziki Joseph Lanner na Johann Strauss baba wakaieneza kwa bendi zao. Mimi nachagua Ländler, kwa ile mizunguko ya mikono ambayo walsi iliiacha.